Shahidi wa Alfajiri Naye Achunguzwe

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa mapambazuko, Aliyeupa usiku giza lake na mchana nuru yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika Ramadhani moja isiyo ya mbali tulikuwa katika msikiti mmoja wa mjini. Daku ilikuwa inamalizika. Wengine wanasoma Qur'an, wengine wanaishilizia tende zao za mwisho. Ghafla simu ya kijana mmoja ikaadhini. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika gilasi ya maji akaiweka chini. Hapo kijana wa pili akasema: "Kunywa, babu, wakati bado. Simu yangu inaonesha zimebaki dakika kumi na mbili." Mzee yule akatazama simu ya huyu, akatazama simu ya yule, kisha akatugeukia sisi akauliza: "Basi mimi nifuate simu ya nani?" Hatukuwa na jibu. Maji yale hayakunywewa, na mjadala uliofuata haukuishia usiku ule.

Tumeona ni wajibu wetu kulitafutia swali la mzee yule jibu la kielimu, kwani linaulizwa katika misikiti mingi. Na katika kutafuta, tumekutana na jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba leo wako Waislamu wanaoipima alfajiri kwa vyombo vya umeme, na kwamba ugomvi uliozuka juu ya vipimo hivyo umetokana, kwa sehemu kubwa, na watu kupokea namba kabla ya kumchunguza aliyeitoa.

DAKIKA CHACHE, JAMBO KUBWA

Huenda msomaji akasema: dakika kumi na mbili zina uzito gani hata ziandikiwe makala? Tunamjibu kwamba kwa mwenye kufunga, dakika hizo ndizo mpaka baina ya kula na kujizuia. Kwa mwenye kuswali, ndizo mpaka baina ya swala na kisichokuwa swala. Wanazuoni wamekubaliana kwamba kuingia kwa wakati ni sharti la faradhi, na anayeswali Alfajiri kabla ya kuchomoza kwake hajaitekeleza.

Msikitini athari haionekani sana, kwa sababu baina ya adhana na ikama kuna muda, na jamaa huswaliwa ilhali dakika zenye khitilafu zimeshapita. Lakini mfikirieni mama anayeswali nyumbani mara tu asikiapo adhana ili awahi jikoni. Mfikirieni mgonjwa aliyelala kitandani, mvuvi anayewahi maji, na dereva wa basi la safari ndefu. Hao ndio wanaobeba mzigo wa ratiba tunayoibandika ukutani. Ikiwa ratiba imeutangulia wakati, wao ndio walioswali usiku.

Wala jambo hili halitatuliwi kwa kusema, "Tuchukue tahadhari." Tahadhari ya mfungaji ni kuitanguliza adhana, na tahadhari ya mwenye kuswali ni kuichelewesha. Adhana moja haiwezi kwenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hapana budi kuutafuta ukweli wenyewe.

UZI MWEUPE NA UZI MWEUSI

Qur'an Tukufu, katika Surat al-Baqara aya ya 187, imeufanya mpaka wa kula na kunywa kuwa ni pale unapobainika uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Sahaba Adiy bin Hatim (R.A.) alipoisikia aya hiyo aliweka kamba mbili chini ya mto wake, nyeupe na nyeusi, akawa anazitazama usiku ili aone lini atazitofautisha. Asubuhi alipomweleza Mtume (S.A.W.), alifahamishwa kwamba makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Tunajifunza hapa kwamba Adiy hakulaumiwa kwa kutaka kupima. Alirekebishwa kwa kuwa alikuwa akitazama kisichokuwa ndicho.

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yametutofautishia pia alfajiri mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo: mwanga unaosimama wima kama mkia wa mbwa mwitu, ambao hauharamishi chakula wala hauhalalishi swala. Ya pili ni alfajiri ya kweli: mwanga unaotanda kwa upana juu ya upeo wa mashariki na usiorudi nyuma. Wanafalaki wa leo wanatueleza kuwa ule wa kwanza ni mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotapakaa angani katika njia ya sayari, na kwamba katika nchi zilizo karibu na mstari wa ikweta, kama zetu, huonekana vizuri zaidi.

Baadaye wanazuoni wa falaki waliigeuza alama hiyo ya jicho kuwa hesabu. Walipima jua likiwa limezama umbali gani chini ya upeo pale alfajiri inapochomoza, na Al-Biruni, katika karne ya 11, alitaja nyuzi 18. Lugha yetu imeyakutanisha mambo mawili katika neno moja: aya inazungumzia nyuzi za mwanga, na wanahesabu wanazungumzia nyuzi za pembe. Ugomvi wote wa leo ni juu ya kuzilinganisha nyuzi hizi na zile. Umoja wa Ulimwengu wa Kiislamu wa Makka hutumia nyuzi 18, kalenda ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia nyuzi 18.5, Misri nyuzi 19.5, na jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini ijulikanayo kama ISNA nyuzi 15. Katika nchi zetu kila uzi mmoja ni sawa na dakika nne na ushei. Kwa hiyo aliyeweka 18 katika simu yake na aliyeweka 15 watapishana kwa dakika kumi na mbili au kumi na tatu. Hao ndio vijana wetu wawili wa msikitini. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alikuwa amebeba hesabu ya watu wengine bila ya kujua.

CHOMBO CHENYEWE

Katika miaka ya karibuni, watafiti wa Kiislamu wametaka kulirudisha swali hili angani badala ya kuliacha vitabuni. Chombo walichokitumia zaidi ni kipima-mwanga kidogo kiitwacho Sky Quality Meter, kinachotengenezwa na kampuni ya Unihedron ya Kanada. Kinaenea katika kiganja cha mkono. Hakikutengenezwa kwa ajili ya swala. Kilikusudiwa wapenzi wa nyota na watu wanaofuatilia jinsi taa za miji zinavyoliharibu giza la usiku.

Ndani yake mna kihisi, yaani jicho dogo la umeme, ambalo hugeuza mwanga kuwa mapigo. Mwanga ukiwa mwingi mapigo huenda mbio, ukiwa haba huenda polepole. Chombo huyahesabu mapigo hayo na kutoa namba. Msomaji asishangae kwamba namba ikiwa kubwa ndipo anga lilipo giza zaidi, kwa kuwa ndivyo wanafalaki walivyozoea kuupima mwanga wa nyota tangu zamani. Katikati ya mji mkubwa chombo huweza kusoma 17 au 18. Mahali pa giza safi kabisa hukaribia 22. Kila hatua tano katika kipimo hiki ni tofauti ya mara mia moja.

Mtafiti hukielekeza chombo juu, akakiacha kisome usiku kucha. Namba hukaa karibu mahali pamoja kwa saa nyingi, kisha kuelekea asubuhi huanza kuteremka. Akichora mstari wa namba hizo, hutafuta pale unapoanza kupinda, na hapo huhesabu jua lilikuwa nyuzi ngapi chini ya upeo. Namba hiyo ndiyo hupelekwa kwa masheikh na kuambiwa, "Hii hapa alfajiri."

Hapo ndipo tunaposimama na kuuliza: na huyu aliyetoa khabari, ni nani aliyemchunguza?

ELIMU YA KUWAPIMA WAPOKEZI

Umma huu hauna udhuru wa kutouliza swali hilo. Sisi ndio warithi wa elimu ya wapokezi wa Hadithi. Wanazuoni wetu hawakukubali khabari kwa kuwa tu imesemwa. Walimtazama aliyeisema, uadilifu wake na udhibiti wake. Walizilinganisha riwaya zake na riwaya za wenziwe. Na pale mpokezi alipochanganyikiwa kumbukumbu uzeeni, kama ilivyosemwa juu ya Ata' bin as-Sa'ib, walitofautisha baina ya waliomsikia mwanzo na waliomsikia mwisho. Tumevutiwa kuona kwamba wanasayansi waliovichunguza vipima-mwanga wamepita njia hiyo hiyo, pengine bila ya kuijua njia yetu.

Kwanza, walimpima mpokezi mmoja mmoja. Mwaka 2005, mara baada ya chombo hicho kutoka, mwanafalaki wa Kiitaliano Pierantonio Cinzano alikichunguza: kinaona upana gani wa anga, na kinaitikia rangi zipi za mwanga. Mwaka 2013 watafiti wa Berlin walichunguza iwapo joto na baridi hukibadilisha maneno yake.

Pili, waliwalinganisha wapokezi wao kwa wao. Mwezi Aprili 2011, huko Uholanzi, vyombo tisa vya aina moja viliwekwa mahali pamoja, chini ya anga moja. Je, vilisema neno moja? La! Vilihitalifiana hadi kufikia asilimia 14 juu na chini ya wastani wao. Lakini watafiti hawakuvitupa. Walijua sasa kipi huzidisha na kipi hupunguza, na kwa kiasi gani. Wakakisahihisha kila kimoja, na tofauti ile ikashuka hadi nusu ya asilimia moja. Ndugu zetu, hilo ndilo somo la makala yetu yote: vyombo vilikuwa vile vile tangu mwanzo hadi mwisho, na kilichovifanya viaminike ni kujaribiwa.

Tatu, walimtazama mpokezi aliyezeeka. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya vyombo vilivyokaa nje katika miji ya Stockholm, Vienna na Potsdam baina ya mwaka 2011 na 2019. Ilibainika kuwa kila mwaka vilipoteza baina ya asilimia tatu na tano ya uwezo wao wa kuona. Asiyejua angedhani kwamba anga linazidi kuwa giza, kumbe ni jicho la chombo linaloingia ukungu. Na walikijuaje kilichozeeka? Walitumia mwanga wa machweo na mapambazuko kuwa mizani, kwa kuwa mwanga huo hufuata kanuni yake mwaka hadi mwaka bila ya kubadilika. Subhanallah! Sisi tunataka kuipima alfajiri kwa chombo, na wao wamekipima chombo kwa alfajiri.

KOSA LENYE MADHARA NA LISILO NA MADHARA

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba si kila kasoro ya chombo huibatilisha khabari yake. Kama chombo husoma kila kitu pungufu kwa kiasi kile kile, mstari wote utashuka, lakini pale unapopinda patabaki katika dakika ile ile. Kasoro hiyo humdhuru anayesema, "Alfajiri ni pale namba inapofika kiwango fulani," wala haimdhuru sana anayetafuta mpindo.

Kwa upande mwingine, ziko kasoro ndogo zinazoangamiza. Saa ya chombo ikikosea dakika nne, imekosea uzi mzima, na hakuna hesabu itakayoliponya kosa hilo baadaye. Katika giza nene chombo huchukua muda kukusanya mapigo ya kutosha, na mwanga wa kwanza wa alfajiri ni mdogo kuliko mtikisiko wa kawaida wa namba zake. Kwa hiyo huweza kuchelewa kuliona ambalo jicho la mzoefu limeshaliona.

Na liko jambo kubwa zaidi. Kipima-mwanga huhesabu tu, hakioni umbo. Mtume (S.A.W.) ametutofautishia alfajiri mbili kwa umbo: huu umesimama, huu umetanda. Chombo kilichoelekezwa juu hakiwezi kukuambia kama mwanga kilioupokea ulikuwa mkia wa mbwa mwitu au ulikuwa umeutandaza upeo wa mashariki. Shahidi huyu ni mkweli katika analolijua, lakini asiulizwe asilolijua.

TAA ZINAZOIZIMA ALFAJIRI

Baada ya chombo kuna mahali kilipowekwa. Hapa ndipo watu wengi walipoteleza. Katika mji wenye taa nyingi, anga la usiku tayari lina mwanga. Alfajiri inapoanza kuchomoza, mwanga wake mwembamba humezwa na mwanga wa taa, kama mnong'ono katikati ya soko. Chombo hakitaisikia mpaka iwe imepaza sauti. Mstari utapinda kwa kuchelewa, na mtafiti atatangaza nyuzi 13 au 14 ilhali alichokipima ni nguvu ya taa za mji wake.

Mawingu nayo yana hila yake: juu ya mji huakisi taa na kulifanya anga ling'ae zaidi, na juu ya kijiji kisicho na taa huliongezea giza. Mwezi ukiwepo, shughuli yote huharibika. Hivyo chombo kile kile, kikiwa kizima na kimechunguzwa, kitatoa jibu moja mjini na jibu jingine shamba, na yote mawili yatakuwa kweli kwa mahali pake. Lakini alfajiri ya Allah (S.W.) haichelewi kwa sababu manispaa imeongeza taa.

YALIYOWAFIKA NDUGU ZETU

Indonesia ndiko mambo haya yalikojadiliwa kwa upana zaidi. Kwa miaka mingi ratiba za huko zilijengwa juu ya nyuzi 20. Kisha kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha UHAMKA cha Jakarta kilikusanya vipimo kwa vyombo hivi na kutangaza kwamba wastani wake ni karibu na nyuzi 13. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakiadhini takriban nusu saa kabla ya wakati. Waislamu wengi walishtuka, na wana haki ya kushtuka. Wizara ya Dini nayo ilipeleka timu yake Labuan Bajo mwezi Aprili 2018, mahali palipo mbali na taa za miji mikubwa, ikaeleza kwamba alfajiri ilidhihiri jua likiwa karibu na nyuzi 19.5.

Jumuiya ya Muhammadiyah, iliyoasisiwa na Ahmad Dahlan mjini Yogyakarta mwaka 1912, ndiyo inayokimiliki chuo kile cha Jakarta. Ingeweza kuipokea namba ya watu wake na kuitangaza. Haikufanya hivyo. Ilikusanya pia matokeo ya vituo vyake vya Yogyakarta na Medan, ikayaweka mezani pamoja na hoja za fiqhi, na katika mkutano wake mkuu wa wanazuoni wa mwaka 2020 ikakata shauri kwamba nyuzi ni 18. Uamuzi huo ulitangazwa rasmi mwezi Machi 2021, na adhana ya Alfajiri ikasogea mbele kwa takriban dakika nane. Wizara ya Dini ilibaki na 20. Huko Malaysia, jimbo la Selangor lilikuwa limeshaichelewesha Alfajiri kwa dakika nane mwishoni mwa mwaka 2019, nalo likitoka nyuzi 20 kwenda 18.

Hatuandiki haya ili kumwambia msomaji aige namba ya Indonesia au ya Malaysia. Tunachokitaka aige ni mwendo: walipima, wakalinganisha, wakamsikiliza aliyewakhalifu, kisha wakaamua kwa jamaa. Ahmad Dahlan mwenyewe, alipotaka kuusahihisha mwelekeo wa kibla katika mji wake mwishoni mwa karne ya 19, alipingwa hadi msikiti wake mdogo ukabomolewa. Jumuiya aliyoiacha ilijifunza kwamba hesabu sahihi isiyo na hekima huzaa fitna.

MAKUNDI MAWILI

Kwa tunavyoona, misikiti yetu inakabiliwa na makundi mawili, na kila moja lina sehemu ya haki iliyochanganyika na kosa.

Kundi la kwanza linasema: "Dini haipimwi kwa mashine. Masahaba walitazama kwa macho, nasi tutazame kwa macho." Tunawauliza ndugu zetu hawa: ni lini mara ya mwisho mlitoka nje mkaitazama? Ukweli ni kwamba hakuna anayetazama. Tunaadhini kwa saa ya ukutani na ratiba ya karatasi, ambayo nayo ni hesabu ya mtu fulani juu ya nyuzi fulani. Wanaokataa chombo wamekubali hesabu iliyo nyuma ya chombo bila ya kujua. Na wakumbuke Ibn Umm Maktum (R.A.), mwadhini wa Mtume (S.A.W.) aliyekuwa kipofu: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumepambazuka. Aliitegemea khabari ya wenye kuona, na Mtume (S.A.W.) aliikubali adhana yake. Sisi wa mijini, kwa wingi wa taa zetu, ni vipofu wa alfajiri. Hakuna aibu katika kutegemea shahidi.

Kundi la pili linasema: "Sayansi imeshasema, ratiba za masheikh ni makosa, tuliokuwa nao wote hawakuswali." Hawa tunawaambia: sayansi gani, na chombo gani? Kilipimwa na nani kabla ya kuaminiwa? Kiliwekwa wapi, na saa yake ilisahihishwa lini? Kama hamna majibu, basi mmechukua khabari bila ya isnadi. Surat al-Hujurat aya ya 6 imetuamrisha tuihakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na madhara gani makubwa zaidi ya kumwambia mzee aliyeswali miaka sitini kwamba swala zake zilikuwa bure, kwa namba iliyotoka katika chombo kilichowekwa juu ya paa katikati ya mji?

TUNACHOPENDEKEZA

Pwani yetu imejaaliwa neema ambayo wengi hawana: inatazama mashariki, na mbele yake ni bahari tupu. Ziko fukwe na visiwa ambako mtu akisimama usiku haoni taa hata moja baina yake na upeo. Kazi iliyofanywa na ndugu zetu wa mbali inaweza kufanywa hapa, kwa gharama ambayo misikiti michache ikishirikiana inaimudu. Tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, visinunuliwe kwa uchache chini ya vyombo viwili, na kabla ya kazi viwekwe pamoja usiku kadhaa ili ijulikane vinatofautiana kwa kiasi gani. Jaribio hilo lirudiwe kila mwaka, na matokeo yaandikwe.

Pili, saa za vyombo zisahihishwe kila usiku wa kazi.

Tatu, vipimo vichukuliwe mahali pa giza, katika siku ambazo alfajiri haina mwezi, anga likiwa safi; na usiku wenye mawingu uandikwe kuwa ulikuwa na mawingu, wala usifichwe.

Nne, pamoja na chombo wawepo watu wazima waadilifu wenye macho mazima, wakiwemo wavuvi wanaoijua alfajiri kwa mazoea, kila mmoja akiandika dakika aliyoiona mwanga ukitanda, bila ya kumsikiliza mwenziwe. Chombo kihesabu, na jicho litofautishe umbo.

Tano, kazi idumu mwaka mzima, na matokeo yote, yanayotupendeza na yasiyotupendeza, yapelekwe mbele ya masheikh wa pande zote kabla hayajafika katika simu za vijana.

Mpaka hapo, tunawanasihi ndugu zetu wasiivunje jamaa kwa sababu ya dakika nane. Kila msikiti ubaki na ratiba yake iliyokubaliwa na wanazuoni wake. Mwenye shaka ajizuie kula mapema na aicheleweshe swala yake kidogo. Kwa nafsi yake ameipata tahadhari ya pande zote mbili bila ya kumhukumu yeyote. Na wanaoswali majumbani waambiwe kwa upole kwamba kusubiri robo saa baada ya adhana hakuwapunguzii kitu, kwani wakati wa Alfajiri ni mpana hadi kuchomoza kwa jua.

Ama mzee wetu aliyeiacha gilasi yake, tunatamani tungemjibu hivi usiku ule: "Babu, simu zote mbili zinasimulia. Tuache tuwatafute walioziambia, tuwapime, kisha tukuletee jibu." Hilo ni deni letu kwake, na kwa kila anayeswali nyuma ya ratiba tuliyoibandika sisi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, aziunganishe safu zetu, na azikubali swala zetu na funga zetu pamoja na upungufu wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.